Mwongozo wa Kujinyima kwa Mkazi wa Port Bell

Port Bell ni mahali pagumu pa kufungia Kwaresima. Ukishuka matatu ya Luzira ukafuata barabara ya kwenda ziwani, unakutana na kiwanda cha bia kilichoanza mwaka 1946, na harufu ya kimea inakupokea kabla mtu hajakusalimu. Bia yake maarufu, Bell, iliyoingia sokoni mwaka 1950, imebeba jina la bandari, na bandari nayo ilipewa jina la Hesketh Bell, mtawala wa Kiingereza aliyeiongoza Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo hapa hata ukitaja unakoishi, umetaja bia. Mbele ya kiwanda kuna ziwa, na ziwani kuna sato na sangara. Paroko akikukataza nyama siku ya Ijumaa, unaletewa sato mzima wa kukaanga, kichwa upande huu na mkia upande ule, sahani imemshindwa. Hiyo ni toba ambayo mtu wa mjini hupanda boda boda kuifuata.

Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Kicheko kikikutoka, kitoke, lakini kila hatua iliyomo imeandikwa ifuatwe. Kujinyima ni nidhamu nzuri ya Kikristo, ya zamani kuliko makanisa yetu yote ya Kampala, na inauma kuona tunavyoichezea.

Kabla ya kuanza: jua unachokisema

Kiswahili kinatenganisha sadaka na dhabihu. Sadaka ni kile unachotoa, iwe noti kwenye kapu la kanisani, iwe chakula unachowapikia jirani kumkumbuka marehemu. Dhabihu ni neno la kuchinja: kitu kinakwenda, na hakirudi. Mkristo msema Kiswahili hutoa sadaka kila Jumapili, na dhabihu ameiachia Agano la Kale pamoja na kondoo na mafahali wake. Waganda hawakugawanya hivyo. Neno lilelile la Kiarabu lililopitia pwani limekuwa kwao ssaddaaka, nalo hubeba uzito wote wa dhabihu.

Njia liliyopitia neno hilo si ngeni kwetu. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walipofika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, tarehe 30 Juni 1877, lugha waliyoitegemea kufundishia ilikuwa Kiswahili, na Injili walizosomesha zilikuwa zimefasiriwa Unguja na Askofu Edward Steere na wenzake. Habari za msalaba zilisomwa Buganda kwa Kiswahili kabla ya kuchapwa kwa Kiganda.

Leo neno hilo linatisha. Mtu wa Kampala akisikia okusaddaaka redioni, mara nyingi habari yenyewe ni ya mtoto aliyeuawa ili mtu mzima atajirike. Uovu huo ulifika mahali Bunge la Uganda likapitisha sheria maalumu ya kupiga marufuku kafara ya binadamu, mwaka 2021. Nautaja hapa kwa sababu ndio kinyume kamili cha jambo tunalojifunza. Mwenye kafara humtoa mwenzake ili yeye apate. Mkristo hujitoa yeye ili mwenzake apate. Ushike mwelekeo huo kama baharia anavyoshika dira, maana makosa yote nitakayoyataja ni kosa moja: mtu ameanza kujitoa, na katikati ya safari amegeuza chombo kikarudi kwake.

Hatua ya kwanza: acha unachokipenda

Kila mwaka, siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, watu hupekua maisha yao wakitafuta cha kuacha, na mikono huangukia vitu ambavyo tayari vilikuwa mlangoni vikitoka. Asiyependa soda anaacha soda. Aliyekatazwa chumvi na daktari anaacha chumvi. Aliyeishiwa bando la intaneti anaacha mitandao. Nabii Malaki aliwajua watu hawa. Aliwakemea makuhani waliopeleka madhabahuni mnyama kipofu, kiwete na mgonjwa, akawauliza kama wangethubutu kumpelekea liwali zawadi ya namna hiyo.

Kwa mkazi wa Port Bell, mtihani ni samaki. Kanisa Katoliki halikatazi samaki siku ya Ijumaa, na mimi ni nani nikataze? Lakini kama wewe ni mtu wa ziwa, na harufu ya sato ndiyo inayokufanya ufunge duka mapema, basi Ijumaa yako ya toba ni siku ya maharage. Agiza kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage, chakula cha wabeba mizigo na wanafunzi waliofulia, ukile mpaka mwisho bila kutazama meza ya jirani. Anayependa bia aache bia. Anayependa mpira wa Jumamosi usiku aache mpira. Anayependa kuwa na neno la mwisho katika kila ubishi aliache hilo neno la mwisho, nalo nakuhakikishia ni zito kuliko kreti.

Kipimo ni rahisi. Taja moyoni kitu unachofikiria kukiacha. Moyo ukitulia, endelea kutafuta. Moyo ukishtuka na kuanza kukuletea hoja, umefika.

Hatua ya pili: kipige bei

Mfalme Daudi alitaka kujenga madhabahu kwenye uwanja wa kupuria nafaka wa Arauna Myebusi. Arauna alikuwa muungwana: akamwambia mfalme achukue uwanja, na ng'ombe wa kuteketeza, na vyombo vya kupuria viwe kuni, vyote bure. Mfalme mwingine angeshukuru na kuwasha moto. Daudi alikataa kumpelekea Mungu kitu ambacho hakikumgharimu, akalipa shekeli 50 za fedha.

Basi nawe nenda ukanunue daftari la shule. Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika ulichoacha na bei yake. Tuseme ulikuwa ukinywa chupa mbili kila jioni, na chupa moja ni shilingi 5,000. Hizo ni 10,000 kwa siku. Kwaresima ina siku 40, ukiacha Jumapili. Zidisha: 400,000. Laki nne ikisimama mbele yako kwa mwandiko wako mwenyewe, utaelewa kwa nini watu wengi hupendelea kujinyima kwa makadirio.

Kisichonunuliwa nacho kina bei. Saa moja na nusu ya mpira ni saa moja na nusu ya kukaa na mgonjwa. Usingizi wa alfajiri ni nusu saa ya kumsaidia mtoto wa jirani kusoma kabla hajaenda shule. Andika muda kama unavyoandika fedha. Upande wa kulia wa ukurasa uache wazi kwanza. Huo una kazi kubwa zaidi, na kazi yenyewe ndiyo hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: mtafute mpokeaji

Nenda gatini siku ambayo meli ya mabehewa inafunga. Port Bell ni bandari ya namna yake: reli inashuka mpaka ukingoni mwa maji na kuendelea juu ya sitaha, kana kwamba ziwa ni stesheni nyingine tu. Kabla ya reli ya kutoka Kenya kufika Kampala mwaka 1931, hapa ndipo mlango wa mji ulipokuwa: mizigo na abiria walivuka kwa meli kutoka Kisumu, wakateremka Port Bell, wakamalizia safari kwa treni fupi ya kupanda mjini. Siku hizi MV Umoja huja kutoka bandari ya Mwanza Kusini na mabehewa tumboni, na MV Kaawa ya Uganda hufanya kazi hiyohiyo. Safari hizo za mabehewa kati ya Mwanza na hapa zililala kwa miaka, zikafufuliwa mwaka 2018.

Tazama kazi inavyofanyika. Behewa limefungwa lisiteleze mawimbi yakichafuka. Linafunguliwa, linavutwa polepole, magurudumu yanalia juu ya chuma, na wanaoshusha hawaumalizi upande mmoja wakauacha mwingine umejaa, maana meli italala ubavu. Na kila mzigo una hati, na katika hati kuna jina la mpokeaji. Hakuna nahodha mwenye akili anayekata ziwa zima na mzigo usio na mwenyewe.

Sasa zitazame Kwaresima zetu. Tunapakia upande mmoja na hatushushi upande wa pili. Mtu ameacha bia siku 40, na laki nne yake imekaa mfukoni ikimsubiri. Siku ya Pasaka anaitoa yote, anaita marafiki, na kufikia Jumatatu jioni amekunywa Kwaresima nzima kwa siku mbili. Huko si kujinyima, ni kuahirisha. Mwingine ameacha vyakula vya mafuta, amepungua kilo sita, suruali inamkaa vizuri, na anamshukuru Mungu. Afya ni jambo jema, na kuweka akiba ni jambo jema. Lakini hakuna mtu mwingine aliyeshiba kwa sababu yeye alishinda na njaa. Meli imeondoka Mwanza imejaa, imezunguka katikati ya ziwa, imerudi Mwanza imejaa.

Wakristo wa mwanzo walilijua hili kuliko sisi. Kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma, kilichoandikwa Roma katika karne ya 2, kinamwelekeza mfungaji ale mkate na maji tu siku ya kufunga, kisha apige hesabu ya gharama ya chakula ambacho angekula, na fedha hiyo ampe mjane, yatima au mwenye shida. Katika karne hiyohiyo Aristide wa Athene, akiwatetea Wakristo mbele ya mfalme, alieleza kwamba wasipokuwa na ziada ya kumpa maskini hufunga siku mbili tatu ili apate chakula. Kwao mfungo ulikuwa jiko. Kilichozimwa nyumba hii kiliwashwa nyumba ile.

Kwa hiyo upande wa kulia wa daftari andika jina la mtu. Usiandike “maskini”, maana maskini wa jumla hana tumbo. Karibu na hapa lipo gereza kuu la Luzira, na siku za kutembelea wafungwa huja mama aliyesafiri kutoka mbali kumwona mwanawe. Muulize kama ana nauli ya kurudi. Gatini wapo wazee wanaosukuma toroli. Nyuma ya nyumba yako yupo mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Andika jina kabla ya Jumatano ya Majivu, si baada ya Pasaka, maana mzigo hutafutiwa mpokeaji kabla meli haijang'oa nanga.

Fikiria baharia wa Mwanza ameketi kwenye benchi la mama anayeuza chakula hapo bandarini, mahali ambapo Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu wa Mwanza, Kisumu na Kampala.

“Shikamoo, mama. Leo nipe maharage tu.”

“Marahaba, mwanangu. Unaumwa?”

“Siumwi, mama. Nimefunga samaki.”

“Na pesa ya samaki inakwenda wapi?”

Swali hilo la mama linatosha kuwa mahubiri ya Kwaresima nzima. Baharia mwenye jibu anasema: “Mpikie yule mzee wa toroli, mama. Usimwambie imetoka kwa nani.” Baharia asiye na jibu anakula maharage yake kimya, na hajafunga bado.

Hatua ya nne: funga na simu

Yesu aliwaagiza wanaofunga wapake mafuta kichwani na kunawa uso, watu wasijue. Siku hizi majivu hayajakauka kwenye paji la uso na picha imekwisha kupanda kwenye simu, nayo imechaguliwa kati ya picha tisa. Mwenye kusema hajisifu anaandika kwamba anaomba maombi ya wenzake katika “safari hii ngumu”. Zimekwisha kumfikia pongezi 60, na Yesu alishasema kwamba mtu wa namna hiyo amekwisha kupata malipo yake.

Hapa tuna walimu karibu, tena wengi. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5 ya mwezi huohuo, hivyo Wakristo na Waislamu wa mji huu walifunga bega kwa bega. Jirani yangu Mwislamu anaamka kula daku gizani, anakwenda kazini, anabeba magunia juani bila tone la maji, na jioni anafuturu. Hakuna tangazo mtaani. Na angalia jambo moja zaidi: mfungo wake unamdai atoe zaka ya fitri, chakula cha kumpa maskini, na aitoe kabla ya swala ya Idi. Mpokeaji ameandikwa ndani ya kanuni yenyewe. Tukiona haya kujifunza kwa Herma kwa kuwa ni wa zamani, tujifunze kwa jirani aliye nyuma ya ukuta.

Hatua ya tano: usimfungishe mwenzako

Hapa ndipo chombo hugeuka bila nahodha kujua. Baba wa nyumba anatangaza kwamba Kwaresima hii familia itaishi kwa unyenyekevu, na unyenyekevu huo unaanzia kwenye maziwa ya mtoto. Tajiri mwenye duka anajitoa kwa ujenzi wa kanisa, na kijana wake wa dukani anasubiri mshahara wa miezi miwili. Mwingine anatoa ada ya mtoto mbele ya madhabahu huku watu wakishangilia, na mtoto anaketi nyumbani muhula mzima akilipia shangwe za baba yake. Yesu aliwakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, iliyowekwa wakfu kwa Mungu, wakapata kisingizio cha kutowatunza baba na mama zao. Aliona kwamba wameivunja amri ya Mungu wakiwa wameshika sadaka mkononi.

Kanuni yake iwe hii: anayetoa na anayekosa awe mtu mmoja. Ukitoa, akikosa mkeo, hujatoa wewe. Ukifunga, ukashinda umenuna, watoto wakatembea kwa ncha za vidole, nyumba nzima imefunga amani kwa niaba yako.

Na yule anayekula mara moja kwa siku kwa sababu hana cha mara ya pili, usimhubirie kufunga. Kiswahili kimetupa tofauti nzuri hapa: yupo aliyejinyima na yupo aliyenyimwa. Aliyenyimwa hana anachodaiwa na Kwaresima. Kwaresima ndiyo inayodaiwa naye. Hata sheria ya Kanisa Katoliki ina huruma hiyo. Wajibu wa kufunga kula unawahusu wenye miaka 18 mpaka mwanzo wa mwaka wa 60, tena kwa siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mgonjwa, mjamzito na mama anayenyonyesha wasishindane na mtu. Kama unatumia dawa, kula uzimeze, ujinyime kitu kingine.

Hatua ya sita: lipa deni kwanza

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa, na ni dawa chungu kuliko mfungo wowote. Ndiyo maana watu wengi huchagua mfungo. Lakini Yesu alisema mtu akiwa ameleta sadaka yake madhabahuni, na hapo akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale, aende kwanza kupatana naye. Madhabahu inaweza kusubiri. Ndugu amesubiri vya kutosha.

Mashariki ya Afrika tunao urithi mkubwa katika jambo hili. Uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda na hapa Uganda, ukashika moto katika miaka ya 1930 na kuenea mpaka Tanganyika na Kenya, uliwafanya watu walioitwa balokole, yaani waliookolewa, wajulikane kwa kurudisha. Waliungama hadharani, kisha wakabeba walichoiba wakakipeleka kwa mwenyewe: mifugo, fedha, vifaa vya mwajiri. Mtu huweza kubishana nao juu ya mengi, lakini toba iliyofika mlangoni imebeba mbuzi wa watu haina wa kuibishia.

Basi kabla ya kuacha bia, fungua daftari ukurasa wa pili. Andika nani unamdai na nani anakudai, ukianza na wanaokudai. Yule mama wa chakula ambaye daftari lake la mkopo lina jina lako tangu Krismasi, mlipe. Ukimpa maskini fedha ambayo ni yake, umejitoa kwa mfuko wake.

Hatua ya saba: usidai risiti

Kampala imejaa mahubiri yanayofundisha kutoa kama kupanda mbegu: weka laki moja leo, vuna milioni kabla ya mwaka kwisha. Watu wanyonge wameuza viwanja na pikipiki zao wakisubiri mavuno. Nasema wazi kwamba huko si kujinyima, na anayewafundisha hivyo anawaumiza watu wa Mungu. Anayetoa moja ili apate kumi hajatoa kitu. Amecheza kamari, na kwa huzuni amemfanya Mungu kuwa mwenye meza.

Rudi kwenye dira yetu. Mwenye kafara humtoa mwenzake ili atajirike, na wa mbegu hutoa fedha yake ili atajirike. Umbali kati ya matendo hayo mawili ni mkubwa mno, na sitawafananisha wenye kuyatenda, lakini upepo uliojaza tanga ni wa upande mmoja. Mjane aliyetia senti zake mbili katika sanduku la hekalu, kwa simulizi ya Marko, hakuahidiwa nyumba. Hatusomi popote kwamba alirudishiwa. Tunachojua ni kwamba Yesu alimwona, akawaita wanafunzi wake wamtazame. Ukitoa, nenda nyumbani. Ukishaandika jina la mpokeaji upande wa kulia, usifungue safu ya tatu ya kuandika utakachopata.

Hatua ya nane: fanya kidogo, fanya kila siku

Kila tarehe 3 Juni umati hukusanyika Namugongo, si mbali na hapa, wengine wakiwa wametembea kwa miguu kwa wiki kadhaa kutoka magharibi ya Uganda na kutoka Kenya. Wanakumbuka siku ile ya mwaka 1886 ambapo Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Tukiwatazama kwenye picha za kanisani, wamesimama katikati ya miali, tunadhani ushujaa ulishuka juu yao asubuhi hiyo.

Soma habari za shahidi mwingine wa mwaka huohuo, Mathias Mulumba Kalemba. Alikuwa mtu wa cheo, msaidizi wa chifu wa Ssingo, upande wa Mityana, mwenye watumwa na heshima. Alibatizwa mwaka 1882. Baada ya hapo akawaachia huru watumwa wake, na akashika kazi za mikono ambazo mtu wa daraja lake hakutarajiwa kuzigusa. Majirani wenye vyeo walimwona kama mtu aliyejishusha bure. Miaka minne baadaye wauaji wakamkatakata mahali panapoitwa leo Old Kampala, wakamwacha afe polepole, na tarehe inayotajwa ya kifo chake ni 30 Mei 1886.

Hesabu mpangilio wake. Kabla hajatoa mwili wake alikuwa ametoa watumwa wake, ametoa cheo chake, ametoa mikono yake. Na kila alichotoa kilishushwa kwa mtu: mtumwa aliyeondoka huru alikuwa na jina na njia ya kwenda nyumbani. Wauaji walipomfikia, walimkuta mtu aliyezoea kuachia.

Sisi tulio wengi hatutaitwa kwenye moto. Tutaitwa kumpisha mtu kwenye foleni ya matatu, kuzima simu mtoto anapotaka kusimulia, kula kikomando Ijumaa moja, kulipa deni la mama wa chakula. Nidhamu ni hiyo, ndogo na ya kila siku, ili siku ya jambo kubwa isitukute hatujawahi kuachia hata kidogo.

Mtihani wa Pasaka

Jumapili ya Pasaka nenda ziwani bila hatia. Agiza sato, na kama ulikuwa umeacha bia, agiza bia yako moja na uimalize kwa furaha, maana Bwana amefufuka na Kanisa linakula. Kabla sahani haijaja, fungua daftari. Upande wa kushoto utaona bei. Upande wa kulia tafuta majina. Kama hakuna hata jina moja, usijilaumu mpaka ukakata tamaa. Jumatatu nayo ni siku, na kujinyima hakuna msimu. Anza upya. Kama lipo hata jina moja, na mtu huyo alikula, au alipanda basi, au alirudi shule kwa sababu wewe ulikosa kitu, basi mzigo wako umevuka ziwa na umeshushwa.

Usingoje Kwaresima ijayo. Nunua daftari leo. Bei yake haifikii ya chupa moja ya bia.